Anayefanana na Picha

Jumatatu Marlène alitimiza miaka arobaini na mitano akiwa anapiga pasi vitenge vya kwenda kuwauzia manesi wa hospitali ya Mengo. Hodi ikapigwa, akaingia yeye mwenyewe, wa miaka ishirini na mitatu, amevaa lile gauni la njano lililopotea kwenye kamba mwaka wake wa kwanza hapa Nateete. Marlène aliona viatu vina tope, akamwambia avivue mlangoni. Kisha akammiminia chai.

"Asante, mama," msichana akasema.

Hilo lilimuuma. Alidhani ataitwa yaya, yaani dada mkubwa.

Mchana ikapigwa simu kutoka ile ofisi ya kuhamisha wakimbizi, ghorofa ya pili juu ya duka la magodoro, ambako Marlène alifungua faili mwaka 2003 alipotoka Butembo. Safari ya Kanada imekubaliwa, aje. Miaka ishirini na miwili! Jamani, kuna watu wamezaliwa, wakasoma, wakaoa na wakaachana ndani ya muda huo. Marlène hakufanya hata kimoja. Siku ya kwanza kabisa aliambiwa asibadilishe chochote: ukiolewa, faili linaanza upya, ukizaa, linaanza upya. Basi akajitunza kama nguo ya sikukuu. Josias, fundi wa vyerehani wa mtaa wa pili, alimposa wakati nywele zake bado nyeusi tii.

"Ngoja nifike kwanza, nitakuita," Marlène alimjibu.

Josias akangoja. Sasa ana mvi mpaka kwenye nyusi, na kila Jumapili huja kula sombe ya majani ya muhogo, akimaliza anaaga.

Jumanne walipanda bodaboda moja, Marlène na msichana wake, wakabanana nyuma ya dereva. Karani, Olivia, alifungua faili akatazama picha. Akamtazama msichana, kisha akamtazama Marlène.

"Huyu ndiye," akasema, akimwonyesha msichana.

"Dada, aliyengoja ni mimi."

"Najua, mama. Lakini kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika kungoja. Faili linasema miaka ishirini na mitatu, hajaolewa, meno yote anayo. Wewe huna mawili."

Hakusema kwa ubaya. Wiki iliyopita mzee mmoja aitwaye Kasereka alimleta kijana wake wa kwenye picha, akainama akamfunga kamba za viatu. Marlène alilia, akajipangusa kwa ncha ya kitenge. Picha ilifanana kabisa, hata yeye alikubali.

Siku mbili zilizobaki kabla ya safari aliamua kumfundisha msichana yote aliyojifunza mpaka kufikia utu uzima. Alidhani yatakuwa mengi. Alimwambia asibebe mzigo kwa bega moja, ndiyo maana mgongo wake umekwenda upande. Alimwambia asicheke kila anachosema mwanaume. Kisha akakwama, pasi mkononi. Loo! Umri mzima, na somo limekwisha chai haijapoa.

"Na kingine?" msichana akauliza, huku anajipaka rangi ya kucha.

"Kingine, akija mtu mzuri, usimwambie angoje."

"Sawa, mama."

Alikuwa anapuliza kucha zikauke, na Marlène akajua hakusikia. Katika umri ule na yeye alikuwa hasikii.

Ijumaa basi la kwenda uwanja wa ndege wa Entebbe likamchukua msichana. Josias alikuja kusindikiza. Alimtazama msichana mara moja, akamsalimia kwa heshima kama binti wa jirani, akampandishia begi. Basi lilipokata kona akamgeukia Marlène.

"Sasa huna faili."

"Sina."

"Basi Jumatatu twende kwa pasta."

Marlène akacheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa na furaha, furaha ya kweli, ya kumfanya mtu asahau magoti. Wikiendi nzima alipika akiimba, majirani wakamtania kwamba bibi harusi anaunguza mboga.

Jumatatu ilibidi wapitie ofisini kwanza, maana Olivia alikuwa amepiga simu. Kwa karatasi, Marlène yuko Kanada. Kadi yake ya hapa imefutwa, na bila kadi hata chumba hawezi kupanga. Itabidi afungue faili jipya, ni dakika chache tu. Josias alivaa suti ya bluu, na pasta alikuwa anawatarajia saa nane.

"Umri?" Olivia akauliza.

"Arobaini na mitano."

"Una mume?"

Josias akakaa wima.

"Nikisema ndiyo?" Marlène akauliza.

"Tunafungua la watu wawili. Hayo hayatembei, mama, sikudanganyi. La mtu mmoja linaweza kutoka. Miaka kumi na tano, ishirini."

Marlène akapiga hesabu. Sitini na mitano. Alishasikia kwamba huko Kanada watu wa umri huo bado wanaendesha gari. Akamgeukia Josias, naye Josias, ambaye uso ule alishauona zamani, akaanza mwenyewe kufungua kifungo cha koti lake.

"Ngoja kwanza," akamwambia.

Kisha akamwambia Olivia, "Andika niko peke yangu."

Mpiga picha akaita kutoka chumba cha pili. Josias aliinuka, akampokea mkoba, akamnyooshea kola ili picha itoke vizuri.