Ihefu Sebuleni kwa Mwenyekiti

Asubuhi Damari aliingia sebuleni na chupa ya chai, akakuta ihefu imekuja. Lile bwawa la matete la bonde la Usangu, au tuseme kipande kilichosalia, lilikuwa limejaa kuanzia mlangoni hadi kwenye kabati la televisheni. Kambare walipita chini ya meza. Yangeyange mmoja alisimama juu ya redio.

"Kamwene," Damari akaisalimu, akavua kandambili.

Mumewe, Tadeo, akatoka chumbani amekunja suruali. "Imefuata nini kwangu? Mimi si mwenyekiti wa kamati ya mazingira?"

"Ndiyo maana imekuja kwako, Baba Rozalia. Kule umelima mpunga mpaka kitandani kwake. Ilale wapi?"

Sisi wanakamati tulienda kuipa pole. Kila mmoja wetu ana majaruba ya mpunga kule ndani, kwa hiyo tuliisalimia kwa mbali kidogo.

Kiangazi kilipokaza, visima vya mtaani kwetu Rujewa vilikauka. Kwa Tadeo maji yaliendelea kuchuruzika chini ya mlango, taratibu, mchana na usiku, yamechujika vizuri. Mtaa mzima tukachota hapo. Damari, aliyesukuma baiskeli ya madumu tangu aolewe, aliitundika baiskeli ukutani. Alifurahi mno, hata kwenye kwaya akarudi.

Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tadeo alionja udongo wa sebuleni, akasema haujapata kutokea. Akachimba mfereji kupitia mlangoni, akayatoa maji hadi uani, akapanda mpunga kuanzia huko mpaka miguuni mwa kochi.

"Utaikausha na hii," Damari alimwambia.

"Jaruba moja tu, mke wangu."

Neno hilo tunalijua. Kule bondeni sote tulilisema.

Mpunga ulikubali. Ihefu iliondoka bila kuaga.

Juzi kamati ilikutana palepale sebuleni, sakafu imepasukapasuka, kujadili maji yamekwenda wapi. Wajumbe hatukutimia, tukamhesabu yangeyange, bado yuko juu ya redio. Baadaye Damari akaleta sinia la wali. Tadeo akaomba maji ya kunawa.

Damari aliinamisha jagi. Halikutoa kitu. Akaishusha baiskeli ukutani, akafunga madumu, akaenda zake.

"Basi tuombe," alisema mwenyekiti.

Tukafumba macho, kisha tukala na mikono yetu hivyohivyo. Wali ulikuwa mtamu jamani, tusidanganyane.