Safu ya Nyumba Kongwe

Maji yalidondokea tena cherehani. Mshonaji akaisukuma hadi kwenye ukuta uliotenganisha nyumba yake na ya mdogo wake, pembe pekee iliyobaki kavu, akakaa kusikiliza vicheko vya upande wa pili.

Baba yao aliwaachia nyumba mbili katikati ya safu ile kongwe, zimegandana bega kwa bega, roshani za mbao zimefanana kama mapacha. Mshonaji, aliye mkubwa, alipata ya kushoto, mdogo ya kulia. Kisha mdogo akaolewa na afisa wa majengo ya kale.

"Shemeji, niruhusu nipige bati tu," mshonaji alimwomba afisa, mlangoni kwake.

"Bati? Kwenye safu hii? Huu ni urithi wa mji, shemeji. Vigae vya zamani, au usiguse."

"Vigae hivyo siviwezi. Na ile ghorofa ya zege mliyoongeza juu?"

"Yale ni maboresho."

Nyuma ya afisa mdogo mtu alipita na trei ya vinywaji, miguu mitupu juu ya marumaru. Hakugeuka.

Mshonaji alijidanganya kwamba ni hasira. Ulikuwa wivu. Aliyaonea wivu mapazia yao, magodoro yao makavu, hata usingizi wao.

Ghorofa ile ikauelemea ukuta wa kati. Ufa ukafunguka upande wake, kiganja kikapenya. Mdogo wake akaja, akautazama.

"Dada, hamia kwetu. Tukitoa mapipa, stoo inakutosha."

"Nikalale stoo kwa mtoto niliyembeba mgongoni? Bora ufa."

Haikupita wiki, afisa akatangaza kwamba nyumba ya kushoto ni hatari kwa umma. Ya kulia hakuitaja. Askari wa jiji wakamtoa mshonaji na cherehani yake.

Miezi baadaye alipita hapo. Ukuta wa mbele ulikuwa umesimama vilevile, umepakwa chokaa mpya. Dirishani aliona ukuta wa kati umebomolewa, nyumba mbili zimekuwa ukumbi mmoja mrefu wenye wageni. Mdogo wake alikuwa ameegemea roshani ya kushoto. Macho yakakutana. Mdogo akayashusha, akaingia ndani.

Mshonaji akapanda ngazi, akashika kitasa.

"Mama, unamtafuta nani?" mlinzi akauliza.

Alitaka kulitaja jina la mdogo wake, akaghairi. "Mimi fundi wa mapazia."

"Mafundi wanapitia nyuma."

Hakukiachia kitasa. Mlinzi akainama, akaanza kumbandua vidole, kimoja kimoja, kwa upole.