Hatua Kumi na Mbili

Kumbukumbu za mkutano wa Jumatano, Jescah alizipiga chapa Jumanne. Usishangae. Katika Ofisi ya Mradi wa Bustani mjini Kakamega ndivyo kazi ilivyokwenda, na aliyefanya vingine angeitwa mvivu. Fedha za wafadhili zilipaswa kuombwa kabla ya Juni kwisha, la sivyo zirudi zilikotoka. Ili ziombwe, lazima wananchi wawe wameulizwa. Na ili wawe wameulizwa, lazima pawe na karatasi inayosema waliulizwa wakakubali. Basi Jescah alichukua karatasi ya mwaka jana ya bustani nyingine, akabadilisha jina, akaandika maazimio sita. Chini ya kila azimio akaacha mistari miwili mitupu, mmoja wa aliyependekeza na mwingine wa aliyeunga mkono. Mkutano ulihitajika kujaza mistari hiyo tu.

Alikuwa na vidole vyepesi. Tangu mamake, Nekesa, azikwe mwezi wa tatu, vidole ndivyo vilivyobaki vikifanya kazi. Mwili uliosalia ulikuwa ganzi tupu. Hakulia matangani, hakulia siku ya kunyoa nywele, na shangazi zake walimsema mpaka wakachoka. Alikula kwa sababu saa ya kula imefika. Ukimuuliza habari alijibu nzuri, na hakuwa anadanganya, maana hakuwa na habari yoyote.

Azimio la kwanza lilisema mti mkubwa wa katikati ya Bustani ya Soko Kuukuu ukatwe, ili kupisha chemchemi yenye vigae na taa za rangi. Mti huo ni mukumu, na aliyeupanda ni babake Jescah.

Mzee Shikanga alitunza bustani za mji huu miaka thelathini na mmoja. Alichomeka tawi pale angali kijana, na msichana aliyekuwa akiuza ndizi kando ya barabara akamcheka: "We, unapanda kuni?" Kuni zikachipua. Msichana akaolewa, naye ndiye Nekesa, akauza ndizi chini ya kivuli hicho mpaka mgongo ukamkatalia. Sasa mzee anaishi Iguhu, na tangu mazishi huja mjini kila Alhamisi kukaa pale. Hasali wala halii. Hula ndizi moja, akakunja ganda kwenye gazeti, akarudi kwake.

Jescah aliyajua yote hayo alipokuwa akipiga chapa azimio la kwanza. Mchoro ulikuwa umeletwa hivyo, naye akanakili.

Mkutano ulikuwa wa saa nne katika ukumbi wa kanisa. Mzee Shikanga alifika saa moja, koti lake la mazishini mwilini, akatia sahihi ya kwanza kabisa kwenye orodha ya waliohudhuria. Watu wetu huitia sahihi orodha hiyo kabla hata ya kujua mkutano unahusu nini, kwa kuwa ndiyo inayokupa soda, chapati na nauli ya kurudi. Wa pili kutia sahihi alikuwa Dinah, mama anayeuza viatu kwenye kibanda kilicho ukingoni mwa bustani.

Onesmus, mkuu wa ofisi, akaonyesha picha ya chemchemi ukutani. Watu wakapiga makofi, nayo kwa kweli ilipendeza. Ndipo mzee akainuka.

"Mimi sikatai maendereo," akasema. "Hiyo maji ya kuruka ni mzuri, watoto watakuwanga wanaona. Lakini nilisikia mbeleni mnaiweka kwa mti, jana nikaenda hapo nikapima na mguu yangu. Songesheni hiyo maji hatua kumi na mbili, upande wa posta. Nafasi iko. Mti itabaki, maji itapata kivuli, na nyinyi hamtatumia pesa ya kukata. Ni hayo tu. Na iandikwe."

Alishangiliwa kuliko picha. "Asante sana, mzee wetu," Onesmus akasema. "Hoja nzito. Itaandikwa." Akamtupia Jescah jicho, na Jescah akatikisa kichwa kukubali. Sauti ya babake alikuwa ameisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Vidole vyake vilikuwa juu ya kompyuta, lakini havikugusa herufi hata moja. Kilichohitajika kilikwisha andikwa jana.

Saa kumi na moja jioni Onesmus akachungulia mlangoni. "Jescah, jaza majina tutume. Ikilala hapa, tumekwisha."

Majina yalijazwa kwa mpangilio wa orodha: wawili wa kwanza azimio la kwanza, wawili waliofuata la pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Jina la kwanza lilikuwa la babake, kwa ule mwandiko wake uliolala chali. Jescah aliliona. Asije mtu akamtetea kwamba hakuliona. Aliwaza kuanza na jina la pili, lakini mpangilio wote ungehama, na tangu lini mtu akasoma kumbukumbu? Kwa miaka tisa alikuwa ameona zikitiwa kwenye faili, na faili zikitiwa kabatini. Akaandika: Limependekezwa na Zakayo Shikanga. Limeungwa mkono na Dinah Khasoa. Akatuma, akaenda nyumbani kusonga obusuma, ugali wetu.

Hata hajaupakua, simu ikalia. "Mama," mzee akasema. Alimwita hivyo tangu akiwa mtoto mchanga, kwa kuwa Jescah ni jina la mama aliyemzaa mzee. "Mama, mliandika nilivyosema?"

"Tuliandika, Baba."

"Kumi na mbili?"

"Kumi na mbili."

"Basi nitalala," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alilala mpaka jua likamkuta kitandani. Jirani zake wote wa Iguhu walisikia habari za hatua zile. Aliwasimulia kanisani, kwenye posho mill akisagisha mahindi, hata kwenye foleni ya hospitali, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba wamekwisha sikia. Jescah alipoelezwa haya alisema, "Vizuri," akaendelea kupiga chapa.

Njia ya mwongo ni fupi, nayo hii ilichukua wiki tano. Alhamisi moja asubuhi Onesmus alimjia mezani, jasho likimtoka. "Mzee wako amesimama mbele ya msumeno. Anasema maneno yake yameandikwa, wasome. Nenda umtoe kwa heshima. Ikijulikana hizi minitsi ziliandikwa kabla ya mkutano, pesa zinarudi, na mtu wa kwanza kwenda nyumbani atakuwa mchapaji."

Jescah akaenda kwa miguu. Hakuharakisha, wala hakukawia.

Chini ya mukumu alimkuta babake na koti lile lile, gazeti lenye ndizi kwapani. Msimamizi wa mafundi, kijana mpole aitwaye Kipkoech, alikuwa ameuzima msumeno kwa adabu, na sasa alipekua faili ya mkandarasi. Watu walikwisha kusanyika, Dinah miongoni mwao, viatu vya kuuza vikining'inia mkononi.

"Huyu hapa mtoto wangu," mzee akasema kwa furaha. "Ndiye aliandika. Soma tu, kijana. Soma na sauti."

Kipkoech akasoma, kidole kikifuata mstari. "Azimio la kwanza. Kwamba mti mkubwa ulio katikati uondolewe ili kupisha chemchemi. Limependekezwa na..." Akamtazama mzee. "Zakayo Shikanga. Ni wewe, mzee?"

"Uongo!" Dinah akapaza sauti. "Mimi nilikuwa hapo, huyu mzee alisema..."

Mzee Shikanga akainua mkono, Dinah akanyamaza. Akaomba karatasi, akavaa miwani, akasoma mwenyewe, polepole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Kisha akamtazama binti yake. Jescah hakuinamisha uso. Macho ya mzee yakashuka kwenye kitambulisho cha kazi kilichoning'inia shingoni mwa binti, yakatua hapo.

"Ni kweli," akasema. Akamrudishia Kipkoech faili. "Ni mimi. Nilisema hivyo. Uzee ni mbaya, mtu anasahaunga."

"Mzee, una hakika?"

"Jina si ni yangu? Kateni." Akauzunguka mti, akaupapasa, akaonyesha kwa kidole. "Anzieni upande huu. Mkianzia ule, itaangukia kibanda ya huyu mama."

Msumeno ukanguruma. Ndipo kitu kikaanza kumchoma Jescah, vile mguu uliokufa ganzi unavyochoma damu inaporudi, na akajua kwamba anaumwa, na kwamba maumivu haya ni ya mwezi wa tatu na ya leo kwa pamoja. "Baba," akasema. "Baba, ngoja. Nitawaambia."

Mzee hakungoja. Alikuwa anaifungua ndizi yake kutoka kwenye gazeti. Akaimenya, akaitazama, akaikunja tena bila kuionja.

"Rudi kazini, Jescah," akasema.

Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina hilo, hata siku moja.