Ngoma ya Kugombea Mtaa

Katika Mtaa wa Mawe Marefu, kule Ilemela, hakuna asiyemjua Chenge. Ni manju wa kikundi cha bugobogobo, ile ngoma ya majembe, kijana mwenye kifua mbele na ulimi wa moto. Nyimbo zake huzitunga huku akichanganya zege, na hakuna mtu aliyemfundisha. Ukimwambia wimbo wake ni mzuri, hashukuru. Hujibu tu, "Najua."

Lakini Jumamosi ile moyo wake haukutulia. Mama yake, Evelina, alikuwa ameketi kibarazani na fimbo mapajani, akiutazama mtaa kama mtu anayetazama mto uliofurika. Tangu pikipiki imvunje mguu mbele ya mlango wake mwenyewe, hakuwahi tena kuteremka mpaka chini, ziwa linapoonekana. Angepita wapi? Kushoto yameegeshwa magari, kulia zimepangwa pikipiki, katikati ni kufa na kupona. Na huyu ndiye Evelina aliyekuwa akirusha jembe juu, anazunguka, analidaka kabla vumbi la miguu yake halijatua!

Mtaa ulikuwa unakaribia kutengenezwa upya. Bushra, afisa mipango miji, msichana mpole mwenye macho makali, alikuwa ameitisha mkutano akawauliza wakazi: pembeni pawe pa kuegesha, au pa kutembea na kukaa? Chenge alisimama akadai njia ya miguu. Orwa, mwenyekiti wa waendesha pikipiki, Mjaluo wa Mara mwenye kicheko kikubwa, akadai maegesho. Makelele yakapanda mpaka kuku wakahama.

"Chenge, wewe si manju?" Orwa akamchokoza. "Kwenu Wasukuma vikundi viwili vikigombana, vinapiga ngoma uwanja mmoja, saa ileile, na anayefuatwa na umati ndiye mshindi. Si ndiyo? Basi Jumamosi tufunge mtaa, kila upande uonyeshe unachotaka. Nitakushinda kwa desturi ya babu yako mwenyewe!"

"Utalia kwa Kijaluo," Chenge akajibu.

Bushra akacheka. "Umati hauchori ramani, ndugu zangu. Lakini nitakuja, maana mikutano yangu haijawahi kujaza hata benchi."

Basi Jumamosi hiyo, kwa ruhusa ya ofisi ya mtaa, ncha zote mbili zilizibwa kwa mawe. Magari yakaondolewa. Upande wa chini Orwa alipanga pikipiki zilizong'arishwa zikawaka kama samaki wabichi, na spika yenye ukubwa wa kabati. Upande wa juu, mbele ya nyumba ya Evelina, watu wa Chenge walitandika mikeka, wakaweka mabenchi na maua kwenye ndoo, wakayapaka mawe chokaa. Watoto waliokuwa hawajawahi kukimbia katikati ya mtaa wao wakakimbia mpaka wakaanguka wenyewe.

Spika ikaunguruma. Umati ukateremka kwa Orwa.

"Manju, umebaki na mama yako tu!" Orwa akapiga kelele kwenye kipaza sauti.

Chenge akavuta pumzi, akainua jembe. Ngoma zikajibu.

*Gari limepata njia, mama kapata mtaro,*
*Nani aliyegawia? Aje aijibu kero!*

Wacheza ngoma wakarusha majembe, yakameta juani, yakadakwa. Watu wakageuka. Kwanza wanawake wa sokoni, kisha vijana, kisha waendesha pikipiki wenyewe, wakimwacha Orwa na spika yake. Umati ulipanda kama maji, ukajaa, ukabanana ukuta kwa ukuta. Chenge alikuwa anashinda, na alijua.

Hapo ndipo alipomwona mama yake. Evelina alikuwa amesimama na fimbo, amevutwa na wimbo, akatia mguu mmoja chini ya kibaraza. Mbele yake ni migongo tu. Akagusa bega la mtu, mtu hakusikia. Akajaribu upande mwingine, migongo. Akaurudisha mguu taratibu, akaketi.

Chenge akaelewa. Kumbe umati wake mwenyewe ndio ulioziba njia aliyoiimbia! Na katika ngoma, hata ukiwa na umati, anayenyamaza kwanza ameshindwa. Hilo analijua hata mtoto wa Msukuma aliye mgongoni.

Akainua mkono. Ngoma zikakatika.

"Umeishiwa pumzi, manju?" Orwa akafurahi, na wengine wakaanza kurudi kwenye spika.

"Simama hapo!" Chenge akaunguruma. "Kila mtu arudi nyuma, hawa huku, hawa kule. Mama anapita!"

Umati ukapasuka katikati. Mmoja wa wapiga ngoma akanyakua ndoo ya chokaa, akaimwaga mstari nyuma ya visigino vya mama yule alipokuwa akiteremka, ili watu wasiirudie njia. Fimbo, mguu, fimbo, mguu. Vigelegele vikamsindikiza mpaka mbele ya spika. Orwa akaizima mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetaka kuegesha hapa ninapokanyaga?"

Orwa akajikuna kichwa. "Mama, lakini mimi nimeshinda. Mwanao kanyamaza kwanza."

"Umeshinda, baba. Hongera. Sasa nipishe."

Mtaa mzima ukaangua kicheko, na Orwa naye. Akashika pikipiki yake, akaisogeza. Wenzake wakasogeza zao, moja baada ya nyingine, mpaka ziwa likaonekana jeupe mwisho wa mtaa. Evelina akasimama, akalitazama weee. Kisha akanyoosha mkono, akapewa jembe. Sauti yake ilikuwa na kutu kidogo.

*Mawe hayahami ziwa, nami sihami mtaa,*
*Leo nimefunguliwa, njia yangu inang'aa!*

Jembe likapaa. Hakuzunguka safari hii, lakini alilidaka.

Bushra alikuwa ameinama akiupima mstari wa chokaa kwa hatua zake. "Msiufute," akamwambia Chenge. "Wakubwa zangu wanakuja wiki ijayo. Watasema nini, sijui."

"Waambie waje kwa miguu," Chenge akasema.

Usiku ule, na siku zilizofuata, aliyemuuliza nani alishinda alijibiwa kwa kifua kilekile: "Orwa. Mimi nilimpisha mama."

Na hakuna pikipiki iliyoukanyaga ule mstari.