Chumvi na Uji wa Mtama

Melania hakutaka kwenda kwa Mama Maganga, na nani angetaka? Mwaka juzi, hapo hapo Kishapu, kipindupindu kilimchukua Maganga, mtoto wa miaka minne, na nesi wa zahanati ya kijiji alikuwa huyu huyu Melania. Dawa ilikuwa maji ya chumvi na sukari, na sukari, jamani, miaka ile ungeitafuta kwa tochi. Duka la kijiji lilikuwa tupu. Melania akapanda baiskeli hadi Mhunze, akazunguka akiomba, akarudi na robo kilo akakuta watu wameshaanza kulia.

Sasa ugonjwa umerudi, sukari bado haipo, na anayeumwa ni Kabula, mdogo wake Maganga. Tofauti ni moja tu: juma lililopita Melania alikuwa semina Shinyanga mjini. Daktari aliwachorea ubaoni seli za utumbo, zimebanana kama vyumba vya nyumba ya kupanga. Kila seli, alisema, hutengeneza milango yake ya protini ndani, kisha huupeleka kila mlango upande wake: huu uelekee chakula, ule uelekee damu, na milango ikipotea njia seli hiyo haina kazi. Upo mlango wa upande wa chakula ambao hauipokei chumvi mpaka iandamane na sukari. Viwili hivyo vikiingia hupitishwa hadi kwenye damu, na maji hufuata nyuma. Kipindupindu hakiuharibu mlango huo. Tena sukari si lazima itoke dukani, kwani uji wa nafaka ukifika tumboni hugeuka sukari.

Wenzake waliandika. Melania aliweka kalamu chini, maana alikumbuka amri aliyompa Mama Maganga mwaka juzi: mtoto asile chochote, tumbo lipumzike. Ndivyo alivyofundishwa, sawa, lakini hilo halimfufui mtu.

Alimkuta Mama Maganga amempakata Kabula. Macho ya mtoto yameingia ndani, ngozi ukiifinya haitaki kurudi. Ujumbe wa kuomba gari la hospitali ulikuwa umeshatumwa, ila hakuna aliyejua litafika lini. Melania akanawa mikono, akaomba unga wa mtama, akapika uji mwepesi kabisa, akatia chumvi kidogo, akaupoza. Mama Maganga alimtazama muda wote huo. Kijiko cha kwanza kilipomfikia mtoto ndipo alipouliza.

"Nesi, huu si uji wetu wa kila siku?"

Melania angeweza kudanganya. Angesema ni dawa mpya, na mtoto angeunywa vilevile.

"Ndio huo huo, nimeongeza chumvi tu. Hata siku ile ungefaa. Nilikukataza kwa kutojua."

Mama Maganga akamnyang'anya kijiko. Akamnywesha Kabula, akangoja ameze, akamnywesha tena. Jua lilipoanza kupoa mtoto akakojoa, ishara kwamba maji yameanza kurudi mwilini, na mkojo ule ulimfurahisha Melania hadi machozi yakamtoka.

"Usilie hapa," Mama Maganga alimwambia. "Maganga aliniomba uji mara tatu. Nikamwambia nesi amekataa."

Kisha akamwonyesha njia ya kwa Gregory, jirani aliyekuwa na wagonjwa wawili, akamwambia awahi.