Barua ya Chifu kwa Marit

Kila Jumapili baada ya ibada kwaya yetu hunywa chai, halafu mtu mmoja anaosha vikombe. Zamu nilizipanga mimi, kwa kompyuta ambayo binamu yangu Kibii aliniachia alipoenda Nakuru kutafuta kazi. Zamu ya Shiko haikufika hata siku moja.

"Shiko ana mjomba mbinguni," Wangechi alisema, mikono imejaa povu. "Ama ni Chesang anampendelea."

Chesang ni mimi. Majina nilikuwa nimeyahesabu mara kumi. Shiko alikuwa wa mwisho kwenye orodha, na kompyuta ilimruka.

Nilidhani kosa ni langu, kwa sababu niliacha shule darasa la sita. Lakini lugha ya kompyuta niliyoandikia programu ya zamu, inaitwa Kokwa, haina mwenyewe. Watu wa nchi nyingi huijenga bure, na yeyote anaweza kuifungua aone ndani. Nikaifungua. Nilisoma wiki mbili, neno kwa neno, simu ikinitafsiria. Ndipo nikaona: Kokwa ikisoma orodha, ilitarajia kila jina lifuatwe na jingine. La mwisho, lisilofuatwa na kitu, ililitupa. Nikabadilisha mistari mitatu, nikawatumia wanaoijenga.

Kesho yake alijibu mtu anayeitwa Marit, mmoja wa wanaoilinda lugha hiyo. Marekebisho ni mazuri, aliandika, lakini kabla ya kuyapokea lazima nithibitishe kwamba kazi ni yangu mwenyewe.

Nithibitishe na nini? Cheti sina hata kimoja. Kwetu ukiambiwa uthibitishe, unaenda kwa chifu. Nikaenda.

"Barua ya basari ya karo?" Chifu Mwaura aliuliza.

"Hapana, mzee."

"Ya kazi?"

"Sijui kama ni kazi. Hawalipi."

"Hawalipi, na wanataka barua!" Alivua miwani. "Msichana, usiwe umeingia kwa dini za ajabu."

Nilimweleza. Akauliza kama nimeharibu kompyuta ya mtu. Nikasema hapana. Mwishowe aliandika: "Mwenye barua hii namfahamu tangu utotoni. Ni mtulivu, na hajawahi kuchukua kitu cha mtu." Akagonga muhuri.

Nilipiga picha barua na kitambulisho changu, nikatuma. Chini yake niliongeza kwamba niliacha shule darasa la sita, wasije wakajua baadaye wakanifukuza.

Siku tatu, kimya. Kila nikimaliza kukamua ng'ombe nilifungua ukurasa ule. Nilijua kilichowanyamazisha ni ile sentensi ya shule. Nilitaka kuifuta, sikuona pa kubonyeza.

Siku ya nne Marit aliandika. Kuthibitisha, kumbe, ni kutia alama kwenye kisanduku kidogo kilichokuwa chini ya ujumbe wake wa kwanza. Barua ameisoma na ameipenda. Picha ameziondoa, maana namba ya kitambulisho si ya kuonyesha watu. Kuhusu shule hakusema kitu. Nilisoma jibu mara tano nikitafuta neno shule.

Nilitia alama. Kabla chai haijachemka, marekebisho yalikuwa yameingia, na jina langu lilikuwa kwenye orodha ya waliojenga Kokwa. La mwisho kabisa.

Nilipomweleza Chifu Mwaura alikunja uso. "Barua hawakuihitaji?"

"Hawakuihitaji, mzee."

"Sasa walikujuaje?"



Sikuwa nimethubutu kupanga zamu upya kabla wao hawajakubali. Jumapili iliyofuata nilileta orodha mpya, na Wangechi akaisoma.

"Shiko!"

Shiko aliweka kikombe chini. "Mimi? Kwani nimemkosea nani?"

Wote walinigeukia. "Kompyuta ilikuwa na kosa," nikasema. "Limerekebishwa."

"Na nani?" Wangechi akauliza.

"Na mimi."

"Wewe, Chesang? Nani atathibitisha?"

Nilimnyooshea kidole Shiko, ambaye tayari alikuwa amekunja mikono ya sweta, akilalamika kwamba maji ni baridi.