Bibi Anagawa Vifungo

Mjomba anachomelea vyuma, mama anashona. Walitaka kumtengenezea bibi kiti, wakabishana jioni nzima: mjomba anataka kiwe imara, mama anataka kiwe laini. Mimi huwa siongei, ila nikaweka vikombe vitatu mezani, kila kimoja nimekibandika jina: uimara, ulaini, wepesi. Nikampa bibi vifungo vya nguo agawe anavyotaka. Penye vingi ndipo tungeanzia. Nilikuwa na hamu ya kuona.

Akavimimina vyote kwenye wepesi.

"Mama, kiti chepesi si kitakuangusha?" mjomba akamuuliza bibi.

"Nyie mnahamahama humu ndani na vicheko vyenu, mimi mnaniacha sebuleni kama kabati. Nataka nikibebe mwenyewe, niwafuate."

Mjomba akajikuna kichwa, akafuta mchoro wa kiti aliokuwa ameuchora, akaanza upya na mabomba membamba.